Kabla hujauliza megapikseli, uliza mashine ya kurikodia itakaa wapi

Jirani yetu hapa Chake, Pemba, kaibiwa. Kamera anazo 4, nzuri, za gharama, asubuhi tukenda kumpa pole na kila mtu anauliza haya tuoneshe basi nani kaingia, yule mama akatunyooshea kidole kwenye kabati la tivii, tupu. Tivii haipo na DVR, ile mashine inayorikodi picha za kamera, haipo, maana fundi aliifunga pale pale chini ya tivii. Wezi wameondoka na ushahidi wao. Iliniuma sana kwa sababu najua alivojibana mpaka akapata zile pesa.

Kwa hivo mie nasema akili na pesa anzeni kuzitia kwenye ile mashine ya kurikodia, kamera zifate. Ifichwe chumbani, ndani ya kabati lenye kufuli na matundu ya hewa, lakini musiipandishe darini chini ya bati jamani, joto la kule linaua ile diski inayoweka picha.

Na hiyo diski watu hawaipigii hesabu. Kamera moja ya megapikseli 2 ikirikodi usiku na mchana kwa megabiti 4 kwa sekunde inakula kama GB 43 kwa siku, sasa zidisha mara 4, TB 1 haifiki hata siku 6 ishajaa na mashine inaanza kufuta za zamani. Wewe umekwenda Unguja harusini wiki mbili, unarudi mlango umevunjwa, picha za siku yenyewe hazipo tena. Chukua TB 2 au zaidi, iwe diski iliotengenezwa kwa kazi ya kamera si ya kutoa kwenye kompyuta kuukuu, na uliza kama mashine inakubali H.265, njia ya kubana video, hiyo inapunguza nafasi karibu nusu.

DVR au NVR? Zote mbili ni mashine za kurikodia. DVR ni ya zile kamera za waya wa koaksia, kama ule wa antena ya tivii, na kila kamera inataka umeme wake. NVR ni ya kamera za IP, yaani zinazopeleka picha kwa netiweki, waya mmoja wa netiweki unabeba picha na umeme pamoja mpaka mita 100. Kama unajenga sasa na kiambaza bado hakijapigwa plasta, mie ningekwenda NVR bila kufikiri mara mbili, kama nyumba ishakwisha na waya za zamani zimo basi DVR inatosha. Za waifai peke yake kwa nyumba za mawe kama za Mji Mkongwe sizipendi, zile kuta nene zinakula mawimbi.

Uso sasa. Lenzi ya milimita 2.8 inaona uwanja wote lakini mtu akiwa mbali zaidi ya kama mita 3 kwa kamera ya megapikseli 2 unaona kanzu na kofia tu, humjui nani. Weka moja ya milimita 4 au 6 iangalie mlango peke yake, usawa wa uso, si juu kabisa ikapiga picha za utosi.

Halafu chumvi. Alama ya IP66 kwenye kamera, yaani imezibwa vumbi na maji, inazuia mvua ya masika, haizuii kutu ya viungo vya waya, na waya wa aluminiamu uliopakwa shaba unaoza upesi, kwa hivo taka shaba tupu na viungo vikae ndani ya boksi lililofungwa vizuri. Zile kamera za kuba la plastiki nazo zikishika ukungu wa chumvi usiku picha inakuwa nyeupe tupu, zifute kwa maji baridi yasokuwa ya chumvi.

Umeme hata sisemi sana, Unguja walokaa kiza miezi 3 tokea Disemba 2009 wanajua wenyewe. Nunua UPS, betri ya kuishika mashine umeme ukikatika, hata ndogo, na ruta ichomeke hapo hapo.

Jengine, na hili nalisema kwa moyo: kamera isichungulie uwani kwa watu. Wanawake wanakaa kule wamejiachia, wanasukana, ile ni stara yao. Simama na fundi mbele ya skrini, muigeuze mpaka uwa wa jirani usionekane.

Yule mama jirani, fundi wake mwengine anakuja Jumamosi. Pahala itapokaa mashine tushakubaliana mie na yeye na mwanawe, na hapa sipaandiki.