Kabla ya kuruka kamba, tembea: kasi ya mazoezi kwa mama mwenye uzito mkubwa

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2018, uliohusu nchi 168, uliikuta Uganda na watu wachache kuliko wote wasioushughulisha mwili vya kutosha: asilimia 5.5 tu. Sifa hiyo ni ya jembe na ndoo ya maji. Mama anayekaa dukani Kampala tangu alfajiri na kurudi nyumbani kwa boda boda hana fungu lake humo.

Akiamua kupunguza mwili, huenda moja kwa moja kwenye aerobiki ya Jumapili, saa nzima ya kuruka. Jumatatu magoti yamevimba, na habari ya mazoezi imeishia hapo. Kwa maoni yetu aliyekosea ni aliyempangia, maana alianza na kasi kabla ya kujenga muda.

Kasi ya wastani ni ile unayoweza kuzungumza lakini kuimba huwezi. Kwa mtu wa miaka 45 ni mapigo kama 112 hadi 133 kwa dakika: hesabu sekunde 15, zidisha kwa nne. Anayemeza atenolol ya presha asifuate hesabu hiyo, kwa sababu dawa huyashusha mapigo. Atumie kipimo cha kuzungumza.

Anza na dakika 10 za kutembea tambarare, ongeza tano kila wiki hadi ufike 30, siku tano kwa wiki. Hapo umetimiza dakika 150 zinazopendekezwa. Ndipo utafute mlima, na Kampala haina uhaba: Naguru, Kololo, Muyenga. Panda kwa nguvu dakika moja, tembea taratibu mbili, rudia mara nne, siku mbili kwa wiki. Mlima unaupa moyo kazi bila kishindo cha kuruka. Kinachoumiza magoti ni kuteremka, basi piga hatua fupi, au mteremko uachie boda boda.

Kasi kali huimarisha moyo na pumzi kwa muda mfupi zaidi. Mafuta ya mwili ni hesabu nyingine: nguvu inayotumika ikiwa sawa, mwendo wa wastani na mkali huyapunguza karibu sawa. Nusu saa ya kutembea haifuti rolex moja, ile chapati iliyoviringishwa na mayai mawili.

Anayetumia dawa za kisukari kama insulini au glibenklamaidi asitoke na njaa, sukari itashuka. Abebe kitu kitamu. Maumivu ya kifua yakianza, simama, nenda hospitali.

Mapaja yakichubuana, paka vaselini kabla ya kutoka. Lipo pia lisilosemwa: mkojo kuvuja wakati wa kuruka. Wengi huacha mazoezi kimyakimya kwa hilo. Kaza misuli kama unayezuia mkojo, hesabu hadi tano, legeza, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Yape mazoezi haya majuma kadhaa, na kamba isubiri.