Umri wa mawe haukisiwi

Ukitaja kwamba mawe ya Mwanza yana zaidi ya miaka bilioni 2.5, hakosi mtu wa kuguna: "Alikuwepo nani wa kuhesabu?" Silidharau swali hilo. Ni zuri kuliko mengi tunayowauliza watoto kwenye mitihani. Tunawakaririsha miamba moto, miamba tabaka na miamba geu, wanafaulu, kisha wanamaliza shule bila kujua umri wa jiwe unajulikanaje. Tunawanyima sehemu tamu kabisa ya somo.

Okota kokoto iliyopasuliwa leo, pale akina mama wanapoponda mawe milimani, kabla jua na vumbi havijaichakaza. Igeuzegeuze kwenye mwanga. Utaona punje nyeupe au za waridi, nyingine za kijivu, na vipande vyeusi vya ulanga vinavyometameta, vyote vimeshikana bila nafasi katikati. Punje kubwa kiasi hicho hukua pale tu uji wa mwamba unapopoa polepole mno, chini sana ardhini. Lava iliyomwagika juu ikapoa haraka, punje zake mara nyingi huzioni kwa macho. Kwa hiyo hata yale mawe ya Bismarck yaliyosimama ziwani yaligandia chini kabisa. Mmomonyoko umeyafunua, na maji yamepenya kwenye nyufa yakala pembe zake.

Umri nao umo humohumo. Ndani ya graniti, ndiyo aina ya mawe haya ya Mwanza, kuna vichembe vya madini yaitwayo zirkoni. Zirkoni ikiumbika huipokea urani, madini yenye mionzi, lakini madini ya risasi huyakataa. Urani hugeuka risasi kwa mwendo ule ule siku zote: urani-238, aina yake iliyo nyingi zaidi, huhitaji takriban miaka bilioni 4.5 ili nusu yake igeuke. Basi risasi unayoikuta ndani ya zirkoni safi imezaliwa humo. Unapima iliyozaliwa, unapima urani iliyobaki, unapiga hesabu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa bonde la Oldupai. Julai 1959 mtafiti Mary Leakey aligundua fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopewa jina Zinjanthropus. Louis, mumewe, alilikadiria miaka kama 600,000. Mwaka 1961, yeye pamoja na wanajiolojia Jack Evernden na Garniss Curtis wakatangaza kipimo: miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya kadirio lake. Na fuvu lenyewe halikupimwa! Yaliyopimwa ni madini yenye potasiamu kwenye majivu ya volkano ya tabaka lilimokutwa fuvu. Sehemu ndogo ya potasiamu hugeuka agoni, na agoni ni gesi. Mwamba ukiwa bado uji, gesi hutoroka. Ukishaganda, inayozaliwa hunaswa. Saa huanzia sifuri siku ya mlipuko. Anayedai wanasayansi wanakisia aitazame Oldupai: makisio yalikuwepo, na kipimo kikayakataa, tena makisio ya mtaalamu mwenyewe.

Wengi hudhani kaboni ndiyo hupima kila kitu. Hapana. Kaboni-14 inaishia takriban miaka 50,000, na hupima mabaki ya viumbe kama mkaa, mifupa na makombe. Kwa graniti ya Mwanza haina kazi.

Miamba geu ndiyo inayosumbua, na naona ndiyo yenye utamu zaidi. Joto kali likiupata mwamba, agoni iliyonaswa huweza kutoroka na saa ikaanza upya. Mwamba mmoja unaweza kukupa tarehe mbili: ulipozaliwa na ulipopikwa. Tanzanaiti ya Mererani ni zao la kupikwa huko, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, wakati mabara yalipogongana, na ni vanadi kidogo tu iliyoipa ile buluu.

Ningekuwa na sauti kwenye mtaala, ningeanza na potasiamu na agoni kabla ya majina ya aina za miamba. Hesabu yenyewe si ngumu. Ikiwa nusu ya ile potasiamu yenye kugeuka huisha kila baada ya miaka bilioni 1.25, na imebaki robo, mwamba una miaka mingapi? Mtoto anayejua sehemu atajibu bilioni 2.5. Swali hilo liwekwe kwenye kitabu cha jiografia, na pembeni yake picha ya mawe ya Mwanza.