Sheria ya kampuni changa itasaidia wapi, na itakwama wapi?

Aprili 2018 Tunisia ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kutunga sheria mahususi ya kampuni changa za ubunifu (startups). Senegal ilifuata, kisha Nigeria Oktoba 2022. Seneti ya Kenya ililetewa muswada wa aina hiyo, na nchini Tanzania wadau wa ubunifu wamekuwa wakidai serikali iwe na sera inayozitambua kampuni hizi kama kundi la pekee. Hoja yao inastahili kusikilizwa kwa makini, kwa sababu inahusu ajira za vijana na fedha za umma kwa pamoja. Kwa maoni yangu, sheria ya namna hii ina faida kubwa pale inapoondoa kikwazo kinachojulikana waziwazi, lakini haiwezi kufidia madhara yanayotokana na serikali inayobadili masharti katikati ya safari.

Tunisia inaonyesha vizuri upande wa faida. Nchi hiyo ina udhibiti mkali wa fedha za kigeni, hivyo mwanzilishi aliyeko Tunis aliyetaka kulipia seva zilizoko Ulaya alikwama kabla hata hajapata mteja wa kwanza. Sheria ya 2018 iliziruhusu kampuni zilizotambuliwa rasmi kufungua akaunti za fedha za kigeni. Ilimpa pia mwajiriwa, awe wa serikali au wa sekta binafsi, haki ya kuchukua likizo ya mwaka mmoja, inayoweza kuongezwa mara moja, ili aanzishe kampuni huku nafasi yake ya kazi ikimsubiri. Kifungu hiki kinazungumzwa kidogo kuliko misamaha ya kodi, ilhali mimi nakiona kuwa na uzito zaidi. Katika jamii ambayo mshahara wa mtu mmoja hulipa ada za wadogo zake na dawa za wazazi, anayeacha kazi huwa ameweka rehani maisha ya wengi, na wengi wenye uwezo hubaki ofisini kwa sababu hiyo tu.

Hata hivyo, tusikuze mafanikio. InstaDeep, kampuni ya akili bandia iliyoanzia Tunis mwaka 2014, ilihamishia makao makuu yake London, na mwaka 2023 ilinunuliwa na kampuni ya Ujerumani, BioNTech, kwa mamia ya mamilioni ya pauni. Mtetezi wa sheria atajibu, kwa haki, kwamba kampuni ile ilizaliwa miaka minne kabla ya sheria. Lakini sababu zinazowapeleka waanzilishi wa Kiafrika kusajili kampuni London au katika jimbo la Delaware, Marekani, bado zipo: wawekezaji wanataka mahakama wanazozijua na njia rahisi ya kuuza hisa zao. Sharti la umiliki wa wazawa, kama lile la sheria ya Nigeria linalotaka angalau theluthi moja ya hisa ishikwe na raia, lina nia njema ya kulinda fedha za umma, ila likikazwa mno linaweza kuzinyima msaada kampuni zilizokubali sharti la mwekezaji kwa kukosa njia nyingine.

Kuhusu msamaha wa kodi ya mapato ya kampuni, sina la kurefusha. Kampuni ambayo haijapata faida haidaiwi kodi ya faida, kwa hiyo msamaha huo hauigusi katika miaka ambayo inahitaji msaada zaidi. Inayoumiza ni kodi inayotozwa kwenye mauzo. Kenya iliipandisha kodi ya aina hiyo kwa biashara ndogo kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3 kwa Sheria ya Fedha ya 2023, na mfanyabiashara huilipa hata mwezi aliouza kwa hasara.

Suala zito zaidi ni la wadhibiti, na hapa pande zote mbili zina hoja za kweli. Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini ya Tanzania, LATRA, ilishusha kikomo cha kamisheni ya teksi mtandao, yaani sehemu ya nauli ambayo kampuni humkata dereva, hadi asilimia 15. Madereva walikuwa na kilio halali: bei ya mafuta ilikuwa imepanda, na dereva asiyemiliki gari bado alitakiwa kupeleka hesabu kwa mwenye gari kila siku, kabla ya kuhesabu chake. Uber ikasitisha huduma Aprili mwaka huo, na ikarejea Januari 2023 baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25. Kulinda madereva ni wajibu wa serikali, lakini kampuni kubwa ya kimataifa inaweza kufunga kwa miezi tisa na kurudi, ilhali kampuni changa ya Dar es Salaam yenye mtaji wa miezi sita ingekuwa imeshazikwa.

Kenya ilitumia njia nyingine mwaka 2007, pale Benki Kuu ilipoipa M-Pesa barua ya kutokuwa na pingamizi, ikaifuatilia kwa karibu, na Sheria ya Mfumo wa Malipo ya Taifa ikaja 2011. Lakini uvumilivu huohuo ulipowaangukia wakopeshaji wa kidijitali, wakopaji waliumia: mtu akichelewesha deni la shilingi elfu chache, mama yake, bosi wake na kila aliyekuwamo kwenye orodha ya simu yake walipigiwa na kuambiwa. Kanuni za kuwapa leseni zilitoka Machi 2022, baada ya wengi kudhalilishwa. Tofauti ni kwamba M-Pesa ilikuwa na mdhibiti aliyekuwa akiitazama tangu siku ya kwanza, na wakopeshaji hawakuwa naye. Ndiyo maana ningependa sheria yoyote mpya iweke kipindi cha majaribio chenye ukomo, chini ya jicho la mdhibiti aliyetajwa, pamoja na notisi ya lazima kabla ya tozo au kikomo kipya kuanza.

Linabaki swali la nani atakayetambuliwa. Kamati inayokaa mji mkuu na kusoma maombi yaliyoandikwa kwa Kiingereza safi itamwona haraka kijana mwenye programu ya simu, na itachelewa kumwona fundi wa Mbeya anayeunda mashine ya kukausha mpunga. Rasimu nyingi huliachia swali hili kanuni zitakazotungwa baadaye na waziri. Lingepaswa kujibiwa ndani ya sheria yenyewe: wajumbe ni akina nani, maombi yanajibiwa ndani ya siku ngapi, na aliyekataliwa akate rufaa wapi.