Pilipili ya chumba cha pili
Kuna mwandishi kaandika eti jirani anayegonga mlango usiku watu wakigombana ana kiherehere tu, ya mke na mume wayamalize wenyewe. Labda mwandishi huyo anakaa nyumba yenye geti. Sisi tuliopanga huku Mbagala, Dar es Salaam, kaya sita choo kimoja, ukuta haufiki hata kwenye bati, ugomvi wa watu unakufuata kitandani. Mwaka juzi nilijifanya sisikii, si pilipili usiyoila yakuwashiani? Asubuhi yule dada akatoka kuchota maji, kanga kaishusha hadi machoni, ndoo kaishika kwa mkono wa kushoto. Tangu siku hiyo nagonga, hata kama ni kwa kisingizio cha kuomba kiberiti. Wananinunia wiki nzima, yanaisha. Halafu hayo "mambo ya ndani" yanatoka wapi wakati Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inakataza mwenzi kumpiga mwenzake? Kimbelembele ni kuwauliza watu mbona hamzai, hapo tu nipo na huyo mwandishi. Nyie wa nyumba za kupanga, huwa mnagonga au mnaongeza sauti ya redio?