Kiingereza cha Julai nchini China

Kanisa la Magharibi likitangaza kwamba waumini wake watakwenda China kufundisha Kiingereza kiangazi, lawama huja kutoka pande mbili. Wapo wanaosema huo ni umisionari uliovaa koti la ualimu. Na wapo, wengi wao humo humo kanisani, wanaouliza: kama hawaendi kuhubiri, sadaka zetu zinalipa nauli ya nini? Wote wanamsahau mwalimu Mchina wa Kiingereza ambaye mgeni huyo anaenda kukaa naye darasani.

Mtihani wa kuingia chuo kikuu nchini China, gaokao, una alama 750 katika majimbo mengi, na 150 kati ya hizo ni za Kiingereza. Ni sawa na hisabati, sawa na Kichina chenyewe. Mtoto wa mkulima wa Gansu, jimbo maskini la bara, anapimwa Kiingereza kwa alama 150 kama mtoto wa jiji la Shanghai, ila huyu wa Gansu mara nyingi anafundishwa na mtu aliyejifunza lugha hiyo kitabuni tu. Wachina wenyewe wana jina lake: Kiingereza bubu. Sarufi imejaa kichwani, mdomo haufunguki. Nakubali kwamba wiki chache hazimfanyi mtu kuwa msemaji, na kwamba mtihani wenyewe unapima kusoma na kuandika kuliko kuzungumza. Lakini mwalimu mmoja aliyetokwa na aibu ya kuzungumza mwezi wa Julai anarudi Septemba mbele ya darasa zima la watoto, na mwaka unaofuata mbele ya darasa jingine. Alama 150 za watoto hao wote zinapita mdomoni mwake.

Ndiyo maana naupenda utaratibu wa Amity Foundation, shirika lililoanzishwa Nanjing mwaka 1985 na Wakristo wa China, akiwemo Askofu K. H. Ting. Wageni waliotumwa na makanisa yao walipewa kazi ya kuwanoa walimu wa Kiingereza wa vijijini, na mwenyeji alijua tangu mwanzo kwamba hawa ni watu wa kanisa na wamekuja kufundisha lugha. Muumini aliyefanya kazi hiyo kwa uaminifu, akarudi nyumbani bila kumbatiza hata mtu mmoja, kwangu mimi amehudumu. Inaniuma anapopokewa kanisani kwake kama mtu aliyekwenda kutalii.

Hofu ya serikali ya China nayo ina mizizi. Mkataba wa Tianjin wa mwaka 1858, ambao China ilitia saini ikiwa imebanwa na majeshi ya Uingereza na Ufaransa, ndio uliowafungulia wamisionari njia ya kuingia ndani ya nchi. Injili ilipita mlango uliovunjwa kwa mizinga, na jambo hilo halijasahaulika. Kanuni za mwaka 1994 zinamruhusu mgeni kuabudu, lakini zinamkataza kuwavuta raia wa China katika dini yake.

Sasa tuseme mwalimu wa kiangazi anageuza kipindi cha jioni kuwa mafunzo ya Biblia ya siri. Akigundulika, atapandishwa ndege, na huko kwao huenda akasimama madhabahuni kutoa ushuhuda. Mkuu wa shule aliyemwandikia barua ya mwaliko yeye hana ndege ya kupanda. Anabaki na maswali, na pengine anapoteza kazi. Wanafunzi waliohudhuria nao wanabaki. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni kaondoka salama na mwenyeji ndiye mgonjwa.

Najua nitajibiwa kwamba Agizo Kuu, lile la Yesu la kuwafanya mataifa yote kuwa wanafunzi wake, halisubiri kibali cha serikali. Anayekubali kufungwa kwa ajili ya imani yake namvulia kofia. Ila gharama ya utii wake ailipe mwenyewe, asimtwike mtu aliyemwalika kufundisha vitenzi.

Mlango wenyewe umezidi kuwa mwembamba: kanuni za dini zilikazwa mwaka 2018, ikaja korona, kisha Julai 2021 serikali ikabana biashara ya masomo ya ziada. Kanisa linalopata mwaliko leo limwambie mwenyeji, kabla ya kukata tiketi, watu wake ni nani na watafundisha nini. Na kama lina nia nyingine ambayo haliwezi kumwambia, lisiwatume.