Usianze na vichujio, anza na kalke

Wiki iliyopita shangazi yangu alifika nyumbani, hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi nchini Kongo, akiwa na bahasha mbili. Ya kwanza ilikuwa na picha ya babu, nyeusi na nyeupe, ndogo ya kuenea kiganjani, iliyopigwa studio miaka ya 1970. Kona moja imekunjika na ufa mweupe umekatiza kutoka begani mpaka sikioni. Ya pili ilikuwa na picha hiyohiyo baada ya kutengenezwa na kijana mmoja wa kompyuta huko mjini: imekuzwa, imechapishwa, tayari kutiwa kwenye fremu kwa ajili ya matanga ya kumkumbuka. Ufa hauonekani tena. Kona imenyooka. Shangazi aliiweka mezani, akaikodolea macho kwa muda, akasema: "Huyu haiko baba."

Nikaisogeza karibu na dirisha. Uso ulikuwa umepaushwa hadi mashavu yakakosa kivuli, na pua ikabaki matundu mawili tu. Ngozi imelainishwa kama ya mtoto mchanga. Na juu ya nyusi ya kushoto, pale babu alipokuwa na kovu alilolipata kazini, kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba, palikuwa patupu. Kovu limefutwa pamoja na ufa.

Kijana yule hakukusudia ubaya, nina hakika. Alifanya kile alichofundishwa. Ndicho kinachoniuma, kwa sababu nimeona jinsi kazi hii inavyofundishwa mjini kwetu. Mwanafunzi anakaa mbele ya kompyuta, na siku ya kwanza anaonyeshwa vichujio, yaani vitufe vya kubadilisha picha kwa mbofyo mmoja, na namna ya kuupausha uso, kuondoa chunusi, kubadilisha mandhari ya nyuma na kuweka machweo ya bahari ambayo Lubumbashi haijawahi kuyaona. Anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Wateja wapo: mabango ya kanisa, mialiko ya harusi, picha za pasipoti, fulana za kilio zenye uso wa marehemu kifuani. Baada ya wiki tatu anaanza kulipwa. Lakini ukimwomba arudishe picha ilivyokuwa jana, hawezi. Ya jana haipo tena.

Mimi nasema mafunzo yaanze na kalke. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wengi huziita leya, vitabuni utakuta tabaka, lakini hapa kwetu kompyuta nyingi zinaongea Kifaransa, kwa hiyo kalke ndilo jina lililozoeleka. Kalke ni kama karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, unayoilaza juu ya picha. Unachora juu yake, unaweka rangi, unaziba ufa, na picha ya chini haiguswi. Ukikosea unaitoa kalke, basi. Kuna kitu kama jicho kidogo pembeni mwa jina la kila kalke. Ukilibofya kalke inajificha, ukilibofya tena inarudi. Jicho hilo ndilo mwalimu bora niliyewahi kuwa naye. Linakuonyesha kabla na baada, kabla na baada, mpaka macho yako yenyewe yakuambie kwamba umezidisha.

Hata waliotengeneza programu hizi hawakuanza na kalke. Thomas Knoll alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu (PhD) Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alipoanza mwaka 1987 kuandika programu ndogo ya kuonyesha picha zenye vivuli vya kijivu kwenye kioo cha kompyuta kilichojua nyeusi na nyeupe tu. Ndugu yake John, aliyekuwa akifanya kazi ya picha za filamu, akaona inafaa kwa mengi zaidi, na mwaka 1990 Photoshop ikatoka. Kalke zilikuja kwenye toleo la 3.0, mwaka 1994. Miaka yote minne kabla ya hapo, kila ulichokifanya kilizama ndani ya picha moja kwa moja. Sisi tunazo, bure kabisa, na bado tunawafundisha vijana kufanya kazi kana kwamba tuko mwaka 1990.

Kuhusu programu yenyewe sitabishana sana. Tangu 2013 Photoshop mpya inalipiwa kwa mwezi au mwaka, na zile nakala zinazozunguka mjini kwenye flashi mara nyingi huja na virusi vyake. Mimi natumia GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Haina malipo, haidai intaneti ukishaiweka, na inakubali kompyuta za zamani. Toleo la 3.0 lilitoka mwaka 2025. Kalke ya GIMP na kalke ya Photoshop ni jambo lilelile, ukijifunza moja umejifunza zote mbili.

Sasa turudi kwa babu.

Sikuigusa ile picha iliyopaushwa. Nilichukua ile ndogo ya zamani, nikaifuta vumbi kwa kitambaa laini kikavu, nikaiskani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Picha ya sentimita 9 kwa 13 ikiskaniwa hivyo inatoa pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha, kama 2,100 kwa 3,000, na hiyo inakaribia kutosha kuikuza hadi ukurasa wa A4, ambao kwa uchapishaji mzuri wa dpi 300 unahitaji 2,480 kwa 3,508 au karibu na hapo. Watu wengi huniletea picha zilizopitia WhatsApp mara tatu, wakishangaa kwa nini zinatoka na ukungu. WhatsApp hupunguza picha ili isafiri kwa haraka. Mwambie ndugu yako aitume kama dokima (Document), si kama picha, itakuja nzima.

Faili la skana nikaliweka kwenye folda yake na sikulifungua tena ila kwa kunakili. Hapo nina ukali kidogo na wanafunzi wangu. JPEG ni mfumo unaotupa sehemu ya picha kila unapoihifadhi upya, ili faili liwe dogo. Mara moja huoni kitu. Baada ya mara kumi kingo za uso zinaanza kuchafuka, vijisanduku vinatokea kwenye anga. Na ukihifadhi kwa JPEG kalke zote zinakandamizwa kuwa kitu kimoja. Kesho huna cha kurudia. Kazi inayoendelea ihifadhiwe kwa XCF ukiwa GIMP, au PSD ukiwa Photoshop. JPEG ni ya mwisho, ya kumpa mteja. Na usiitegemee Ctrl+Z: ukifunga faili, historia yote ya kurudi nyuma imekwenda. Umeme ukikatika, nao tunajua unavyokatika, hali ni hiyohiyo.

Juu ya skana niliweka kalke tupu, nikachukua zana ya muhuri, ile inayonakili sehemu moja ya picha na kuibandika nyingine. Ufa wa begani ulikuwa rahisi, kitambaa cha koti ni cha rangi moja. Ulipofika shingoni nikaikuza picha hadi asilimia 300 na kupunguza brashi mpaka upana wa ufa wenyewe. Unachukua ngozi ya upande wa juu kidogo, unabandika mguso mmoja, unahama, unachukua tena. Ukivuta brashi kwa mkupuo mmoja utaona mistari inayojirudia kama kitenge. Nilitumia karibu saa nzima kwa ufa wa urefu wa kidole.

Kisha nikafika kwenye nyusi. Zana ya kuponya, ile inayoziba mikwaruzo yenyewe, haijui tofauti kati ya mkwaruzo wa karatasi na kovu la mtu. Kwake vyote viwili ni mstari mweupe kwenye eneo jeusi. Ni wewe unayepaswa kujua, na usipojua, uulize. Nilimpigia simu shangazi: "Shangazi, huu mstari wa juu ya jicho ni wa karatasi au ni wa babu?" Akanyamaza kidogo, kisha akanisimulia siku babu alivyorudi kutoka kazini amefungwa bendeji, na jinsi bibi alivyokataa kumpa bukari, ugali wetu, mpaka aeleze. Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Nikaliacha kovu.

Suala la mwanga ndilo ninalotaka kulisisitiza kuliko yote. Katika picha ya kawaida kila pikseli ina thamani kati ya 0, ambayo ni nyeusi kabisa, na 255, nyeupe kabisa. Programu inakuchorea histogramu, mlima mdogo unaoonyesha pikseli ngapi ziko wapi. Ukivuta kitufe cha mwangaza bila kuangalia, mlima wote unasogea kulia na kugonga ukuta wa 255. Zilizogonga ukuta zimekufa. Mashavu, paji la uso, nundu ya pua, vyote vinakuwa karatasi tupu, na ukishahifadhi hivyo huwezi kuvirudisha. Ndivyo uso wa babu ulivyopotea kwenye bahasha ya pili. Ngozi nyeusi haihitaji kupaushwa ili ionekane, inahitaji nafasi kati ya vivuli vyake. Tumia kurbe, zana ya kurekebisha mwanga kwa kupinda mstari: inua kidogo sehemu ya katikati ya mstari, uache ncha mbili palepale. Uso unafunguka, weusi wake unabaki.

Na tusidhani tatizo hili lilianza na vijana wetu. Enzi za filamu za rangi, maabara zilikuwa zikirekebisha mashine zao kwa kadi ya mwanamke mzungu, kadi zilizojulikana kama "Shirley", na ngozi nyeusi ilitoka vile ilivyotoka. Leo simu nyingi zinalainisha na kupausha uso zenyewe, hujaziambia kitu. Kijana anayejifunza kuhariri picha Lubumbashi leo anarithi mazoea hayo yote, na asipoambiwa wazi atayaendeleza kwa watu wake mwenyewe. Kwa kweli hili linanikasirisha.

Kuna mtu wa mji huu aliyeonyesha kalke zinavyoweza kutumika kwa heshima. Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1978, aliwakata wafanyakazi kutoka picha za zamani za kikoloni, nyeusi na nyeupe, akawasimamisha mbele ya magofu ya viwanda vya migodi aliyoyapiga yeye kwa rangi. Ukizitazama huwezi kudanganyika kwamba watu wale walikuwa pale siku ile. Kijivu chao kinakataa kuungana na rangi, na hapo ndipo picha inapokushika. Zana zinazohitajika kwa montaji ya namna hiyo ni za somo la mwanzo: kuchagua, kukata, kalke. Huwa nawaonyesha wanafunzi hizo kabla sijawaonyesha kichujio chochote.

Juzi nilimpelekea shangazi A4 yake. Mkunjo wa kona bado unaonekana kidogo ukiinamisha karatasi kwenye mwanga, niliupunguza, sikuumaliza. Aliishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole juu ya kovu bila kuligusa. Akaniomba nyingine mbili, ndogo, za kuwapelekea wadogo zake, mmoja Likasi na mwingine Kolwezi.