Unga wa nywele haunyunyizwi, unagongwa

Nilifika kwenye harusi Kibokoni na njia ya nywele nyeupe pe. Mlangoni, kabla sijavua buibui, shangazi yangu alinitazama kichwani, akashuka hadi mabegani, akauliza: "Mamangu, umetoka kusukuma chapati?"

Nilikuwa nimejinyunyizia konflawa (wanga wa mahindi) kwa kopo la chumvi, kama wanavyofanya kwenye video. Tangu siku hiyo nasema, shampuu kavu ya unga, ya kufyonza mafuta ya nywele bila kuosha, ni nzuri, ila asilimia tisini ya wanaoilaumu walikosea kuipaka. (Hiyo tisini ni yangu, msiniulize nimehesabu wapi.)

Kwa Mombasa kitu hiki si anasa. Maji ya bomba huja yanapotaka, dumu la lita 20 ni la kununua, na maji ya kisima huku kwetu yana chumvi: shampuu haitoi povu, na nywele zikikauka ni kama makumbi. Bora usubiri maji matamu siku mbili huku wanga ukikufyonzea mafuta kichwani. Mafuta, lakini, si jasho. Ukipaka ngozi ikiwa imelowa, hasa wakati wa kaskazi, umepika uji. Kwa hiyo kwanza kaa chini ya pangaboi mpaka kichwa kikauke, kisha lizime, la sivyo unga utaupaka ukuta.

Kopo la chumvi linatema kwa mafungu. Chupa ya tomato ni mbaya zaidi, ukiibonyeza kidogo tu, puu! Brashi ya poda ya usoni inafaa kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, ukiikung'uta kwanza ukingoni mwa kibakuli.

Mimi natumia kifumba. Chukua kipande cha melimeli kuukuu, au soksi nyembamba safi ya pamba, tia vijiko viwili vya konflawa iliyochekechwa, funga kwa uzi. Jitandike leso mabegani. Tenga nywele kwa kitana, gonga kifumba taratibu kwenye mashina, sogea upana wa kidole, gonga tena. Kitambaa kinachekecha chenyewe, hata mkono ukiwa mzito unga hutoka kama vumbi tu. Ngoja dakika kumi, sugua kwa ncha za vidole, kisha chana ukiwa umeinama. Wakati bora ni usiku, kabla ya kufunga kitambaa cha kulalia. Asubuhi unga umeshafanya kazi na hauonekani.

Wenye nywele nyeusi tuchanganye na kakao isiyo na sukari, nusu kwa nusu. Narudia, isiyo na sukari. Niliwahi kutumia ile ya kunywa, na sisimizi wakanifuata mpaka kwenye mto. Foronya nyeupe nayo uisahau. Unga unaobaki uweke kwenye chupa yenye kifuniko, utie na punje chache za mchele kama tunavyofanya kwenye chumvi, maana unyevu wa hapa hugandisha kila kitu.

Poda ya mtoto yenye talki siitaki. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka mwaka 2024 katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani, na unga huu unaupaka sentimita chache kutoka puani. Magadi ya soda pia hapana, yanakausha ngozi. Na wewe uliyesuka, au mwenye nywele za kipilipili zinazolilia mafuta, shoga, hili halikuhusu. Unga ukiingia kwenye msuko hautoki mpaka ufumue.

Wiki iliyopita shangazi alikuja kwangu, akakiona kifumba mezani, akakinusa.

"Kakao hii," akasema. Kisha akauliza kama imebaki ya kutia kwenye maziwa.